Ufunguo Uliobaki Wazi

Mkurugenzi Aswile Mwalingo hakuketi. Alisimama mlangoni mwa chumba cha kompyuta, koti la baridi likiwa bado mwilini, akasema anataka historia ya ghala la faili ifutwe kabla ya saa sita mchana.

"Yote?" Subilaga aliuliza.

"Kuanzia mwanzo hadi jana. Bakiza faili za leo tu. Wewe ndiye mtunza ghala, muhuri unao wewe. Futa."

Subilaga Nzunda alikuwa na miaka arobaini na mmoja, na kumi na miwili kati ya hiyo alikuwa ameitumia katika chumba hicho, juu ya kilima cha Itumbila, ambako mgodi ulitoa madini adimu na vumbi lake likala mapafu ya waliochimba. Wastaafu mia tatu na kumi na wawili waliishi kwa vipumulio: mashine za ukubwa wa kiganja, zilizoshonewa chini ya mbavu, zinazosukuma hewa pale pafu linaposhindwa. Kila asubuhi mnara wa kilimani uliviambia vipumulio vifanye kazi kwa kasi gani. Amri hizo zilitoka kwenye faili za mipangilio, na faili hizo zilikaa ghalani pamoja na kila badiliko lililowahi kufanywa, jina la aliyelifanya, saa na sababu. Ghala halikusahau kitu. Liliundwa lisisahau.

"Na sababu ya kufuta niandike nini?"

"Usalama." Mwalingo alitabasamu kidogo. "Hilo unalijua kuliko mimi. Mwaka wa kwanza wa vipumulio uliweka ufunguo mama humo ndani ukiwa wazi, kama nguo kwenye kamba."

Ilikuwa kweli. Miaka tisa iliyopita, kipumulio cha kwanza kilipokuwa kinasubiriwa chumba cha upasuaji na simu zinapigwa kila dakika, Subilaga aliingiza ghalani faili lenye ufunguo mama bila kulisimba. Ufunguo huo ndio uliovifanya vipumulio vyote vitii amri. Kesho yake aligundua kosa, akalisimba faili. Tangu hapo halikusomeka bila maneno ya siri ya watu wawili, lake na la mganga wa zahanati, na kila mtu akaona limefungwa barabara. Ila ghala lilikuwa limekwisha kuhifadhi toleo la jana yake. Kusimba faili la leo hakukulifumba la jana. Yeyote mwenye nakala ya ghala aliweza kurudi nyuma hadi siku ile moja na kuusoma ufunguo herufi kwa herufi.

Alilijua hilo kwa miaka tisa. Alijiambia hakuna atakayerudi nyuma kiasi hicho.

"Kuna mtu amerudi," alisema sasa.

"Nini?"

"Tarehe kumi na nne mwezi uliopita, saa tisa na dakika tano alasiri. Wastaafu wameketi getini wakidai vichujio vipya vya mashine zao. Amri ikatoka: pumzi ipunguzwe kwa robo, watu kumi na mmoja, dakika ishirini. Haikupita kwangu wala kwa mganga. Imetumia ule ufunguo wa siku ya kwanza." Alimtazama usoni. "Mahali pa jina pameandikwa 'mfumo'. Lakini kila ingizo hubeba muhuri wa kompyuta iliyolituma. Muhuri ni wa meza yako."

Mwalingo aliingia ndani, akafunga mlango taratibu.

"Nilitaka wachoke warudi nyumbani," alisema. "Robo tu. Mtu akipunguziwa robo hukaa chini, hupumzika, hafi. Nilimuuliza mtaalamu kabla."

"Anyosisye Mwakalobo alikuwa mmoja wao. Amekufa."

"Alipanda kilima! Nani alimwambia apande kilima?" Sauti ilimpanda, akaishusha. "Mgodi ukisimama wiki mbili, nani atalipia vipumulio? Nilikuwa nawalinda na ujinga wao. Na nikuambie jambo moja, mhandisi: ufunguo ulikuwa wako. Mimi nimeuokota tu."

Subilaga aliinuka, akachukua begi lenye kompyuta yake ndogo, ambamo kama watunza ghala wote alihifadhi nakala kamili.

"Sifuti."

"Basi huna kazi. Jioni muhuri wako utakuwa kwa mwingine naye atafuta. Hiyo nakala yako ukiitoa nje, unampa kila mhuni pumzi za watu mia tatu na kumi na mmoja. Fikiri vizuri nani atakuwa muuaji."

*

Ukumbi wa wastaafu ulikuwa chini ya kilima, banda refu la mabati lenye chumba kimoja cha zahanati upande wa nyuma, ambako vipumulio vilikaguliwa kila mwezi. Subilaga alifika saa nne na nusu. Alimkuta Tuponile, mjane wa Anyosisye, akimenya viazi na wanawake wengine wawili kwa ajili ya mkutano wa mchana. Tangu msiba yeye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa wastaafu, ingawa hakuna aliyempigia kura. Alisimama tu mahali alipokuwa anasimama mumewe.

"Watu wa juu hawaingii humu," Tuponile alisema bila kuinua macho.

"Nimefukuzwa juu, mama."

"Hilo ni lako na wao."

Subilaga alisimama pale pale akamweleza. Hakuchagua maneno. Alieleza kosa lake la miaka tisa, kisha amri ya saa tisa na dakika tano, kisha muhuri. Kisu cha Tuponile kiliendelea kumenya mpaka alipolisikia jina la mumewe; hapo kikasimama katikati ya kiazi.

"Kwa hiyo hakufa kwa mashine kuharibika."

"Hapana."

"Na huyo aliyemuua aliingia kwa mlango uliouacha wewe wazi."

"Ndiyo."

"Miaka tisa ukijua."

"Ndiyo, mama."

Tuponile alisimama akampiga kofi. Halikuwa kofi la hasira inayopita. Aliweka kisu chini kwanza, akafuta mkono kwenye khanga, ndipo akapiga. Wale wanawake wawili hawakusogea.

"Sasa sema ulichokuja kutaka."

Mchana ukumbi ulijaa. Subilaga alisimama mbele ya watu waliokaa kimya, na kimya chao kilikuwa na sauti: vipumulio mia vikivuta na kusukuma pamoja, kama mvukuto wa mhunzi. Alisema nakala aliyonayo ndiyo ushahidi pekee utakaobaki kufikia jioni. Akipeleka mahakamani, kila upande utapewa nakala yake, na ufunguo utakuwa mikononi mwa watu asiowajua.

"Si uufute huo ufunguo peke yake, ubakize mengine?" mtu mmoja aliuliza.

"Haiwezekani. Kila ingizo limebeba alama ya lile lililotangulia, kama shanga kwenye uzi. Nikigusa moja la zamani, yote yaliyofuata yanakatika, na hakimu ataambiwa nimeyachezea. Ama yote kama yalivyo, ama hakuna."

"Kwa hiyo?"

"Tubadilishe kitasa. Kila kipumulio kipewe ufunguo mpya. Wa zamani ukibaki historia, mtu akiusoma haumsaidii kitu." Alimeza mate. "Ila ufunguo haubadilishwi kutoka mnarani. Lazima niweke sahani ya sumaku ubavuni mwa mtu, na mashine izimike, isome, iwake upya. Sekunde arobaini. Katika sekunde hizo utapumua kwa mapafu yako mwenyewe."

Zogo lililozuka liliwafanya wengine wakohoe hadi kuinama. Mmoja alimwita mchawi. Mwingine alisema afadhali Mwalingo, aliyepunguza robo, kuliko huyu anayezima kabisa. Mtu wa tatu akasema kampuni imemtuma awamalize kwa foleni.

Aliyewanyamazisha ni Tuponile, na hakufanya hivyo kwa kumtetea.

"Mimi simwamini," alisema. "Wala msimwamini. Lakini nimekaa mwezi mzima nikidhani mume wangu aliuawa na betri. Anayeogopa arudi nyumbani. Anayebaki apange mstari. Na huo ufunguo mpya," alimgeukia Subilaga, "utauweka wapi?"

"Ghala jipya, lenu. Faili litasimbwa tangu siku ya kwanza, kabla halijaingia. Na neno la kulifungulia nitaligawa vipande vitano. Vikikutana vitatu, linafunguka. Viwili havitoshi."

"Watu watano hao ni sisi na mganga. Wewe hupati hata kimoja."

"Hata kimoja," Subilaga alikubali.

*

Ilichukua siku mbili. Mstari ulianza kesho yake asubuhi ukaishia jua linapoelekea kuzama, mtu akiingia chumba cha nyuma, akilala kwenye kitanda cha ngozi bandia, akifungua shati. Subilaga aliweka sahani, Tuponile alihesabu kwa sauti. Ishirini na tisa. Thelathini. Wengi walitokwa na machozi. Mwanamume mmoja aliyewahi kuwa mpasua miamba alimshika Subilaga mkono kwa nguvu hadi kucha zikaacha alama, na mashine ilipowaka alimwachia akatema mate sakafuni karibu na kiatu chake. Hakuna aliyesema asante, naye hakungoja kusikia.

Kule juu historia ilifutwa jioni ile ile ya mkutano, kama alivyoahidiwa. Lakini Mwalingo hakuthubutu kugusa mnara tena. Macho ya watu yalikuwa juu yake, na alishajua kwamba kila amri huacha alama ya mkono.

Adhuhuri ya siku ya pili watu mia tatu na kumi walikuwa wamebadilishwa. Alibaki mmoja.

Mzee Kenani Simbeye, miaka sabini na minne, aliletwa kwa kiti cha magurudumu. Mganga wa zahanati alimpima kwa kupunguza mashine polepole, akaacha kwenye sekunde ya kumi na mbili, midomo ya mzee ikiwa imegeuka rangi ya majivu.

"Arobaini hawezi," mganga alisema nje ya chumba. "Hata tukimsaidia kwa mfuko wa kupulizia. Njia yake ya hewa imesinyaa. Nikisema kuna nafasi moja kati ya nne, nimekuwa mkarimu."

Walikuwa bado wamesimama hapo Mwalingo alipoingia ukumbini. Alikuja peke yake, bila walinzi, na hilo liliwatisha watu zaidi. Habari ya mzee Kenani ilikuwa imemfikia kabla hajaja.

"Nimesikia amebaki mmoja," alisema. "Basi tuongee kama binadamu. Nipeni hiyo nakala, tuifute hapa mbele ya macho yenu. Mzee Kenani anaishi. Ninyi mna funguo zenu mpya, sitazigusa. Mkienda mahakamani, mnamning'iniza mzee huyu kwenye uzi ambao mtu yeyote anaweza kuukata. Haya. Nani anataka haki kwa bei hiyo?"

Subilaga alihisi aibu ya ajabu, kwa sababu maneno yalitoka kinywani mwa mtu mbaya na bado yalikuwa na ukweli.

"Hakuna atakayebadilishwa kwa lazima," alisema. "Nakala nitaikalia. Ikibidi mwaka, mwaka. Mpaka..."

"Mpaka nini?" Sauti ilitoka kwenye kiti cha magurudumu. Kenani aliongea kwa vipande, akingoja mashine impe pumzi ya neno linalofuata. "Malizia, binti."

"Mpaka itakapokuwa salama, mzee."

"Nitangoja," Tuponile alisema ghafla. Watu walimgeukia. Uso wake ulikuwa mgumu kama jiwe la kusagia. "Mume wangu ameshalala. Haondoki alipo. Nitangoja, baba."

Kenani alicheka, na kicheko kikawa kikohozi kirefu. Kilipokwisha alifuta mdomo kwa mkono wa shati.

"Utangoja nife," alisema. "Ndiyo maana yake. Kila asubuhi utapita... dirishani kwangu... uone kama nimeamka. Utanisalimu vizuri. Na moyoni utasema, bado." Alivuta pumzi. "Na wengine wote hivyo hivyo. Mimi niwe mtu ambaye... kijiji kizima kinamngojea. Hapana, mama. Heri mtu achukiwe kuliko hivyo."

"Mzee, mganga amesema..."

"Nimemsikia mganga. Masikio hayajajaa vumbi." Alimtazama Mwalingo. "Siku ile na mimi nilikuwa getini. Nilirudi nyumbani... kwa magoti, mkurugenzi. Nilidhani ni uzee. Nilimwomba Mungu msamaha... kwa nisichokijua." Akamgeukia Subilaga. "Washa hiyo sahani yako."

"Siwezi."

"Uliweza kukosea. Weza na hili."

Subilaga alimtazama mganga, kisha Tuponile. Hakuna aliyemsaidia. Alifikiri kwamba akikataa, mikono yake itabaki safi, na mzee ataishi miezi, labda mwaka, akiwa yeye na kila mtu katika hali ile aliyoieleza. Akikubali, huenda akamuua mtu mbele ya mashahidi kwa ombi lake mwenyewe. Alitafuta njia ya tatu kama alivyozoea kuitafuta kwenye mashine, na safari hii haikuwapo.

"Useme mara tatu," alisema. "Mbele ya watu wote."

Kenani alisema mara tatu.

Walimlaza. Mganga alishika kinyago cha mfuko wa kupulizia, mikono ikiwa tayari. Tuponile hakukaa mahali pa kuhesabu. Alipanda kitandani akamwinua mzee kichwa na mabega, akamlaza kifuani mwake ili koo linyooke. Mwalingo alibaki mlangoni. Hakuna aliyemfukuza.

Subilaga aliweka sahani. Mashine ilinyamaza.

Alihesabu yeye. Kufikia kumi mzee alikuwa anajitahidi, macho wazi, akitazama mabati. Kufikia kumi na nane mfuko ulianza kugoma, hewa ikirudi pembeni mwa kinyago. "Vuta, baba," Tuponile alisema sikioni mwake, "vuta, vuta." Ishirini na tano. Mguu mmoja ulipiga kitanda mara mbili. Thelathini na moja, mganga alinyanyua kichwa akamtazama Subilaga, na Subilaga akaendelea kuhesabu kwa sababu kuiondoa sahani kungeifanya mashine ianze upya kutoka mwanzo. Thelathini na nane. Thelathini na tisa.

Kipumulio kiliwaka. Kilivuta, kikasukuma. Kifua cha Kenani kiliinuka kikashuka, vizuri, kwa mpangilio, na chumba kizima kilitoa pumzi pamoja nacho.

Mganga aliweka vidole shingoni. Akavihamisha. Akavihamisha tena. Alibonyeza kifua muda mrefu, jasho likimdondoka, na mashine ikiendelea chini ya mikono yake bila kujali. Mwishowe aliacha.

"Inasukuma hewa tu," alisema kwa sauti ndogo. "Mwenyewe ameondoka."

Kifua kiliinuka, kikashuka.

"Izime," Tuponile alisema.

Subilaga hakusogea.

"Nimesema izime! Unataka tumzike inapumua?"

Aliizima. Amri hiyo ilihitaji ufunguo mpya, kwa hiyo iliwabidi wenye vipande watatu waje, mmoja mmoja, waingize vipande vyao. Ilikuwa mara ya kwanza ghala jipya kufunguliwa.

"Huyu umemuua wewe," Mwalingo alisema toka mlangoni. Hakusema kwa ushindi. Uso wake ulikuwa umepauka.

"Ndiyo," Subilaga alijibu. "Na nitaliandika hivyo."

Mwalingo alitoka nje, na kupitia dirishani walimwona amesimama kwenye upepo, akiwa hajui apande kilima au ashuke.

*

Walimzika Kenani kesho yake. Siku iliyofuata Subilaga na Tuponile walishuka hadi mahakama ya wilaya, mwendo wa saa tatu kwa gari la zahanati. Tuponile alitazama mashamba ya pareto. Mara moja gari lilipopita kwenye shimo, mikono yao iligusana juu ya begi la kompyuta, naye akauondoa wake.

Karani wa mahakama alikuwa kijana mwenye miwani, aliyechoka kabla ya saa nne asubuhi. Alipokea nakala, akaitia muhuri wa kielelezo, akavuta fomu.

"Mnamlalamikia nani?"

"Wawili," Tuponile alisema. "Aswile Mwalingo, mkurugenzi wa mgodi. Na wa pili Subilaga Nzunda, aliyekuwa mtunza ghala."

"Huyo wa pili anapatikana wapi?"

"Hapa," Subilaga alisema. Akamtajia jina herufi kwa herufi, kwa sababu karani alikuwa ameliandika vibaya. Akamtajia na tarehe mbili: ya kosa lake la miaka tisa, na ya juzi.

Karani aliinua kichwa. Alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, kalamu ikiwa hewani.

"Samahani. Mlalamikaji na mlalamikiwa... mmekuja pamoja?"

Subilaga alitazama sakafu. Tuponile alilipima swali hilo kana kwamba lilikuwa gumu kuliko yote aliyoulizwa tangu msiba.

"Tumekuja pamoja," alisema.

Karani aliwaonyesha benchi, akasema hakimu ataingia saa tano. Lilikuwa benchi fupi na tayari lilikuwa na watu. Tuponile alikaa kwanza, akakusanya khanga yake, akasogea kidogo ili mwenzake apate pa kukaa.